Sura ya Saba: Kisu na Kiungo Chake

Chumvi ya Mlingotini haianzi kula kisu kwenye makali. Makali hutazamwa na kila anayekishika. Hufutwa kwa pindo la shati, hupitishwa kwenye embe na chungwa, na kutu ikionekana hapo mwenyewe huisugua siku hiyohiyo. Chumvi hujibanza pasipotazamwa, pale pini inaposhikanisha bapa na mpini, kwenye upenyo usiopitisha hata ukucha. Tone la maji ya bahari likishaingia humo halina njia ya kutoka ila kukauka, na likikauka huacha mzigo wake wote palepale. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Umande wa alfajiri huilowanisha chumvi hiyo, jua la mchana huikausha, na usiku unaofuata kazi huanza upya huku kisu kimelala kabatini bila mtu kukigusa. Masika ikipita, kisu kilichokuwa kikifunguka kwa kidole gumba kinataka koleo.

Kwa hiyo sura hii, inayohusu kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku, itasema mengi juu ya kiungo kuliko juu ya bapa. Najua wanunuzi wengi hufanya kinyume. Muuzaji hufungua kisu, bapa likang'aa, akakata karatasi hewani, na mnunuzi akatoa pesa. Lakini kisu chochote kipya hukata karatasi. Bapa zuri utalipata kwa bei ndogo katika kisu cha kawaida cha jikoni chenye mpini wa mti, na litakutumikia miaka. Unapoongeza pesa ili kisu kikunjike, pesa hiyo ya nyongeza yote inanunua kiungo: pini, springi, komeo, na ustadi wa fundi aliyevipatanisha. Kiungo kikiwa kibovu, umelipa zaidi ili upate kisu dhaifu zaidi.

Mlingotini ni mahali pazuri pa kulijaribu neno hili. Kijiji kiko kusini ya mji wa Bagamoyo, ukishapita magofu ya Kaole na Chuo cha Uvuvi cha Mbegani, kimeegemea maji tulivu yaliyokingwa na mikoko. Watu wake huvua, hulima mwani, hupanda minazi na mihogo, huendesha bodaboda na kufungua maduka. Siku nzima mikono yao iko kwenye maji ya chumvi, mchanga, utomvu na magamba ya samaki. Kisu kinachodumu hapa miaka mitano hakihitaji cheti kingine.

Na jambo la kwanza utakalogundua ukikaa ufukweni hapo ni kwamba wale wanaokata kwa riziki, karibu wote, hawatumii kisu cha kukunja.

Mvuvi wa ngalawa ana kisu cha bapa lisilokunjika, mpini wake umezungushiwa kamba ya nailoni, na kimechomekwa kwenye mataruma ya chombo mahali anapopajua hata gizani. Mzee mmoja nilimwonyesha kisu kizuri cha kukunja, cha bei ya kuvutia, nikitaka maoni yake. Alikifungua, akakifunga, akakipima uzito kiganjani.

“Kizuri, mwanangu,” alisema. “Ila wavu ukikimbia na mguu wangu, mkono mmoja umeshika ukingo wa chombo. Hiki nakifungua kwa mkono gani?”

Nilimjibu kuwa vipo vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Akanirudishia kisu, akanyoosha kiganja chake kilichojaa mafuta ya samaki ili nikitazame, na hakuongeza neno.

Mgema naye ana kotama, kisu chembamba kilichopinda, kikali kama wembe, anachopanda nacho mnazi ili kulikata karara la tembo asubuhi na jioni. Yuko mita kumi juu ya ardhi, miguu imebana shina. Hawezi kuyaweka maisha yake kwenye pini ya milimita 3. Na mchinjaji wa siku ya Idd hutaka kisu kirefu, kilichonolewa mbali na macho ya mnyama kama dini inavyofundisha, kinachooshwa chote kwa mkupuo mmoja. Kisu chenye kiungo hunasa damu na vipande vya mafuta ndani ya mpini, na baada ya siku mbili hata mwenye nacho hataki kukinusa. Kwa machinjo, kisu cha kukunja tukiweke kando moja kwa moja.

Basi nani anakihitaji? Ni yule ambaye hajui leo atakata nini, wala kama atakata. Fundi umeme mwenye waya wa kumenya, dereva wa bodaboda mwenye mpira wa kufungia mzigo, mwalimu aliyepewa boksi la vitabu lililofungwa kwa utepe, mama anayerudi shambani akiwa na muwa, msafiri wa basi mwenye machungwa matatu kwenye mfuko wa plastiki. Hawa hawawezi kutembea na kisu kitupu kiunoni, na kisu cha jikoni kikiwekwa mfukoni kitatoboa mfuko kisha paja. Kisu cha kukunja kina faida moja tu ambayo kisu kingine hakina, yaani makali yake yanalala ndani ya mpini na unaweza kuyasahau hadi yatakapohitajika. Mengine yote yanayosifiwa ni nyongeza.

Nimesema mfukoni, lakini neno hilo pwani lina mushkeli. Msuli hauna mfuko. Kanga haina mfuko. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, huingia shambani wakati wa maji kupwa ya bamvua, maji yakiwa magotini au kiunoni, wakifunga mbegu kwenye kamba kwa vile vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa tayari kuvunwa. Wapo wanaonyofoa kwa vidole, lakini kisu kidogo hurahisisha kukata mbegu na kuachanisha taitai zilizokaza. Kwa mkulima huyu kisu bora cha kukunja ni kile kilichotobolewa tundu mwishoni mwa mpini, kikafungwa kwa uzi imara shingoni au kiunoni. Kisu kisicho na tundu hilo, hata kiwe cha dhahabu, kitazama siku ya kwanza na kufunikwa na mchanga. Rangi ya mpini nayo si urembo. Mpini mweusi au wa mti ukianguka kati ya majani ya bahari hauonekani tena. Wa rangi ya chungwa utauona hata maji yakiwa yamechafuka.

Tuje kwenye chuma, kwa sababu uongo mwingi wa dukani uko hapo.

Kuna kipimo wanachokipenda watu, cha sumaku. Inasemekana kuwa chuma kisichoshika kutu kikiwa halisi hakivutwi na sumaku. Kwa sufuria na vijiko kipimo hicho kina maana. Kwa kisu kinapotosha. Chuma cha kijiko kina nikeli inayokifanya kikatae sumaku, na chuma cha aina hiyo hakikazwi kwa moto. Ukikinoa kinapata makali ya asubuhi yanayokufa kabla ya adhuhuri. Chuma cha kisu lazima kikubali kukazwa, yaani kupashwa moto mkali kisha kuzimishwa kwa mafuta au hewa, na karibu vyuma vyote vinavyokubali hivyo huvutwa na sumaku. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu uende nayo sokoni. Kisu ambacho sumaku inakipita kama haijakiona, kiache.

Aliyeanzisha shida hii ya kuchagua ni Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza. Mwaka 1913 aliyeyusha chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13 akitafuta kitu cha kuhimili joto kwenye mitutu ya bunduki, akakuta kinakataa kutu. Alipowapelekea mafundi wa visu, walimcheka kwa kuwa visu vya kwanza havikushika makali. Kicheko hicho kilikuwa na ukweli ndani yake hadi mafundi walipojua kukikaza vizuri, na hata leo mgogoro ni uleule: kromiamu hulinda chuma kwa kufanya utando mwembamba juu yake, lakini kaboni ndiyo inayotoa ukali, na kaboni ikiwa nyingi huishika kromiamu na kuinyima kazi yake ya ulinzi. Kila chuma cha kisu ni mapatano kati ya hao wawili.

Maji ya chumvi huyavunja mapatano. Chumvi huutoboa ule utando wa kromiamu kwa vitundu vidogo, na kutu hutumbukia ndani badala ya kutambaa juu. Ndiyo maana kisu kilichoandikwa kwamba hakishiki kutu kinaweza kuwa na madoa meusi kama tundu za sindano baada ya mwezi mmoja Mlingotini. Muuzaji hakudanganya sana. Maandishi yale yaliandikwa na mtu anayeishi mbali na bahari. Kampuni ya Marekani iitwayo Spyderco imetengeneza visu vya kukunja kwa chuma cha Kijapani kinachoitwa H1, ambacho sehemu kubwa ya kazi ya kaboni imepewa nitrojeni, na hivyo ndivyo vinavyokaribia kabisa kutoshika kutu baharini. Bei yake hata hivyo inanunua nyavu. Kwa mtu wa kawaida, ushauri wangu ni chuma chenye kromiamu ya kutosha, kilichokazwa kwa kiasi cha 55 hadi 58 kwenye kipimo cha Rockwell, kisiwe kigumu sana. Kigumu kupita hapo hushika makali muda mrefu lakini kinahitaji jiwe la pesa nyingi kukinoa, na kikigonga mfupa wa samaki mkubwa kinameguka. Kilicho chini kidogo ya hapo hunoleka kwa jiwe la kawaida ukingoni mwa kisima.

Ama chuma cha kaboni kisicho na kromiamu, hicho kinanoleka kwa raha na hukata kwa utamu ambao wapenzi wake hawataki kuuacha. Kinafaa Morogoro. Kinafaa Dodoma zaidi. Mlingotini kinafaa kwa mtu mwenye tabia ya kukifuta kila mara anapokitumia, tabia ambayo watu huiahidi dukani.

Hapa ndipo lazima nikitaje kisu kilichotengenezwa kwa ajili yetu kabla hatujaulizwa. Mwaka 1902, katika mji wa Solingen nchini Ujerumani, ulioishi kwa kutengeneza visu na panga kwa karne nyingi, kilianza kutengenezwa kisu cha kukunja cha bei nafuu kilichokusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Kilipewa jina Okapi. Mnyama mwenyewe alikuwa habari mpya: mwaka 1901 tu ndipo wanasayansi wa London walipomwingiza kwenye vitabu vyao, baada ya Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda, kupeleka ngozi na mafuvu kutoka misitu ya Kongo ambako Wambuti walimjua tangu enzi. Mfanyabiashara wa Solingen hakupoteza muda. Bagamoyo, iliyokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam, ilikuwa miongoni mwa miji ya soko hilo alilolitazama.

Kitazame Okapi vizuri, kwa sababu ni somo la namna ya kujenga kiungo cha bei ndogo. Bapa ni la chuma cha kaboni cha kiasi cha nusu asilimia hivi, kinachonoleka kwa dakika chache. Mpini ni wa mti, mara nyingi umepambwa kwa nakshi ya nyota na mwezi. Mgongoni pana springi nene, na katika aina inayojulikana zaidi springi hiyo ina pete ndogo. Bapa likifunguka hulia tik-tik-tik kwa kupita meno ya kiungo, na ili kulifunga lazima uivute pete. Hakuna kisichoonekana. Pini, springi na meno viko wazi, mchanga ukiingia unautikisa nje, na fundi yeyote mwenye nyundo anaweza kuikaza pini iliyolegea. Visu vya fahari vyenye vipande ishirini ndani ya mpini haviwezi kusema hivyo.

Lakini sauti ile ya tik-tik ilikiharibia jina. Katika vitongoji vya Afrika Kusini na mitaa ya Kingston, Jamaika, Okapi kiligeuka kuwa kisu cha ugomvi, na wapo wanaokitambua kwa mlio wake kabla hawajakiona. Mwaka 1988 jina na mitambo vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na tangu hapo hutengenezwa huko, Isithebe. Mimi nakiheshimu kama chombo. Sikishauri kwa mtu wa mjini, kwa sababu kisu cha kila siku kinatakiwa kifunguliwe mbele ya watu bila mtu kusogeza kiti chake nyuma.

Solingen imeniacha na tahadhari moja. Jina la mji huo linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, na bado utakuta limechongwa kwenye visu ambavyo havijawahi kuiona Ulaya. Maandishi kwenye bapa ni wino tu. Kipime kisu, usikisome.

Sasa makomeo. Kiungo cha kisu cha kukunja kina kazi mbili zinazogombana: kikubali kukunjika unapotaka, na kikatae usipotaka. Namna za kupatanisha hayo ziko nyingi, nami nitazungumzia zile utakazokutana nazo.

Ya zamani kuliko zote ni springi ya mgongoni bila komeo. Bapa hushikiliwa na mkazo tu, na ukilibonyeza kwa nguvu upande wa mgongo linafunga. Visu vyekundu vya Uswisi vya Victorinox viko hivyo kwa sehemu kubwa. Karl Elsener alifungua karakana yake kijijini Ibach mwaka 1884, akaanza kuliuzia jeshi visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa ambacho ujanja wake wote uko kwenye springi: springi ileile inashika zana za pande mbili, kwa hiyo zana nyingi zinaenea kwenye mpini mwembamba. Ni kisu ninachompendekezea mtu wa ofisini, mwalimu na msafiri bila kusita. Kwa mkulima wa mwani nasita. Mkasi, bisibisi na kifungua chupa vyote vina viungo vyao, na kila kiungo ni nyumba nyingine ya chumvi. Tena mabamba yanayotenganisha zana katika visu vya namna hii huwa ya madini tofauti na bapa, mara nyingine shaba ya njano katika vile vya bei ndogo, na madini mawili tofauti yakilowa maji ya chumvi hufanya kazi ya betri: umeme mdogo hupita kati yake na moja wapo huliwa haraka.

Ya pili ni pete ya Opinel. Joseph Opinel alikuwa mwana wa mhunzi katika milima ya Savoie, Ufaransa, naye mwaka 1890 alibuni kisu cha wakulima ambacho hadi leo hakijabadilika sana: bapa moja, mpini mmoja wa mti, pini moja. Mwaka 1955 iliongezwa pete ya chuma shingoni mwa mpini. Unaizungusha kwa kidole na bapa halifungi tena. Kina ukubwa kwa namba, na Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo inayouzwa kuliko zote. Ulaya bei yake haifiki euro 20. Kwa wepesi, kwa ukali, na kwa uwazi wa ujenzi wake, sijaona kisu cha kukunja kinachokishinda kwa pesa hiyo.

Na bado nitakizuia kisipande ngalawa. Mpini wake ni wa mti wa milima ya Ulaya, nao mti huo ukilowa huvimba na kulibana bapa ndani kabisa. Wenyewe kule Savoie wana mbinu ya kugonga kisigino cha mpini mezani hadi bapa litokeze kidogo. Ufukweni hakuna meza, na mpini uliolowa tangu alfajiri hautokezi kitu hata uugonge kwenye nanga. Ukikitaka hasa kwa matumizi ya pwani, chagua cha bapa lisiloshika kutu, ukakitumie bustanini na mezani. Ipo pia aina yao yenye mpini wa plastiki, iliyotengenezwa kwa watu wa mashua, na hiyo haina ugonjwa huu.

Ya tatu ni ulimi wa chuma ulio ndani ya mpini, unaoruka pembeni na kukaa nyuma ya bapa linapofunguka. Fundi wa Marekani, Michael Walker, ndiye aliyeifanya ienee kuanzia miaka ya 1980, na leo imejaa Kariakoo katika visu vinavyotoka China. Ikitengenezwa vizuri ni namna bora: unafungua na kufunga kwa mkono mmoja, na sehemu zake unaziona. Ikitengenezwa vibaya ni mtego. Ulimi mwembamba uliokatwa ovyo hushika bapa kwa ukingo tu, na siku utakapolichoma bapa kwenye nazi ukalitikisa, ulimi huteleza na bapa linakujia vidoleni. Mchanga mmoja ukikaa kati ya ulimi na bapa unatosha kufanya hivyo hata kwenye kisu cha maana.

Kisu chenye komeo la mgongoni, lile unalobonyeza katikati ya mpini ili kulifungua, ni kizito na cha polepole, lakini kwa mchanga na chumvi kinavumilia kuliko cha ulimi, mradi mpini uwe na uwazi chini wa kupitishia maji. Kama ningekuwa na nafasi ya kumnunulia mkulima wa mwani kisu kimoja cha kukunja, kingekuwa hicho: komeo la mgongoni, mpini wa plastiki ngumu wa rangi kali, tundu la uzi, bapa fupi la sentimita 7, nusu ya makali laini na nusu ya meno kwa ajili ya kamba za nailoni.

Dukani, fungua kisu ulishike bapa kwa vidole viwili karibu na ncha, kupitia mgongo wake, kisha ulitikise kushoto na kulia. Mtikisiko wa pembeni kidogo husameheka katika kisu cha bei ndogo. Mtikisiko wa juu na chini hausameheki, kwa sababu maana yake komeo halijakutana na bapa sawasawa, na kila utakapokata utazidi. Geuza kisu kikiwa kimefungwa, ukitazame kwa juu: bapa linatakiwa lilale katikati. Likiegemea upande mmoja litajikwaruza kila likifungwa. Kisha, kama kisu kina komeo, gonga mgongo wa bapa lililofunguliwa kwenye kiganja cha mkono mwingine, vidole vyako vikiwa mbali na njia ya makali, taratibu kwanza halafu kwa nguvu kidogo. Likijifunga, mrudishie muuzaji umwambie ahsante. Mwisho tazama pini. Pini ya skrubu unaweza kuifungua nyumbani ukasafisha kiungo. Iliyogongwa kwa nyundo haifunguki, na kwa mtu wa bahari tofauti hiyo ina thamani kuliko jina la kampuni. Muuzaji akikuharakisha, mwache aharakishe.

Urefu una mipaka yake ya kibinadamu na ya kisheria. Bapa la sentimita 6 hadi 8 linamenya, linakata kamba, linafungua boksi. Linalozidi hapo huanza kuulizwa maswali. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakataza kutembea hadharani na silaha kwa namna ya kutia watu hofu, na askari wa kituo cha basi hatakuuliza chuma kina kromiamu kiasi gani. Atakuuliza unakwenda nacho wapi na kwa nini. Jibu la fundi au mkulima ni rahisi. Jibu la kijana aliyekuwa mpirani saa nne usiku ni gumu, na hapo kisu kibaki nyumbani. Kwenye ndege kinaingia kwenye begi la kupakiwa chini, hakipandi nawe. Mwenye ndugu Uingereza anayetaka kumpelekea zawadi ajue kwamba kule kisu kinachoruhusiwa kubebwa bila kutoa sababu ni cha kukunja, kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Opinel Namba 8 anayoinunua Ufaransa kwa amani inamtia matatani akivuka bahari nayo mfukoni, kwa urefu na kwa ile pete. Cha Uswisi kidogo kinapita.

Matunzo ni machache na hayana ubishi. Kisu kilichogusa bahari kioshwe kwa maji ya kisima siku hiyohiyo, kikiwa kimefunguliwa, kikichezeshwa kiungo ndani ya maji hadi chumvi iliyo ndani iyeyuke. Kipigwe kwenye kiganja kitoe maji, kianikwe kivulini kikiwa wazi. Kwenye pini, tone moja la mafuta ya cherehani. Mengi hukamata mchanga. Bapa linalokata chakula lipakwe mafuta ya nazi, ambayo hayana madhara mdomoni, ila yasitiwe kwenye kiungo kwa kuwa huganda joto likishuka kwenye nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai hata Bagamoyo hufika hapo. Mafuta ya sifa ya kupakia majahazi yanalinda chuma vizuri sana, kwa yule ambaye hatamenyea wenzake embe.

Na usimpe mnoaji wa jiwe la kuzunguka. Jiwe likizunguka kasi bila maji hupasha makali joto hadi yakabadilika rangi kuwa ya njano, kisha ya bluu, na chuma kilichofika bluu kimepoteza ule ugumu uliolipiwa. Kisu cha jikoni chenye bapa nene kinastahimili, maana sehemu iliyoungua husagwa siku nyingine. Bapa la kisu cha mfukoni ni jembamba, na jiwe likishalipunguza hubaki chuma kidogo cha kunoa, hasa pale karibu na kiungo ambapo mnoaji hupenda kubonyeza. Jiwe bapa, maji kidogo, pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, na mkono usio na haraka: namna ya kuyafanya hayo, pamoja na mawe yanayofaa na yasiyofaa, imo katika sura inayofuata.